Ngozi za Skii Nyuma ya Pipa la Kabichi

Mpendwa Bi Kornélia, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana mume wangu Vendelín alifunikwa na poromoko la theluji miaka mitatu iliyopita kwenye mteremko wa Kozia, alikuwa na vifaa vyote, walimfukua upesi lakini akatoka amekufa, na mdogo wake Radovan aliyekuwa naye akatoka mzima, na tangu hapo kila Februari, tarehe ile ile, Radovan huwakusanya marafiki wakapanda kwa skii hadi pale pale, wakawasha mshumaa, wakamwaga slivovice, ile pombe kali ya plamu, kidogo kwenye theluji na nyingine wakanywa, wakashuka wakilia, na kijiji kizima kinasema huo ndio upendo wa ndugu, hata mimi nilisema hivyo nikawa nawaokea mikate ya mbegu za popi ya kubeba.

Sasa mwaka huu binti yangu Slávka ametimiza miaka kumi na tisa naye anasema Jumamosi hii lazima aende nao, na wiki nzima theluji imeanguka, upepo umeirundika upande wa Kozia, waokoaji wa milimani wametangaza hatari ya daraja la nne kati ya matano, nikampigia Radovan simu nikamsihi waahirishe, akanijibu, "Shemeji, kumbukumbu ya mtu haiahirishwi. Wewe kaa jikoni utuombee," na Slávka akanitazama kwa dharau akasema, "Mama, baba asingenitia woga hivi," basi nikashuka ghalani chini ya nyumba nikaficha nyuma ya pipa la kabichi zile ngozi anazobandika chini ya skii ili asiteleze akipanda, na tangu jana anapekua nyumba nzima.

Lakini kinachonitafuna ni kingine, Bi Kornélia, kwa sababu siku ya maziko Radovan akiwa amelewa aliniambia kwamba asubuhi ile hatari ilikuwa daraja hilo hilo na waliisoma, na walipokuwa wanapanda theluji ikatitia chini yao kwa mvumo mzito, dalili kwamba itaporomoka, Vendelín akasema warudi, Radovan akamcheka akamwambia amezeeka. Slávka anajua tu kwamba mlima ulimchukua baba yake. Nikimwambia nitamnyang'anya baba mdogo aliyemlea tangu siku ile, nikinyamaza sijui nitafukua nini wiki ijayo. Nifanyeje?

Otília, Liptov

Otília, nimeisoma barua yako, pole sana. Nimekuonea huruma, kisha nikakukasirikia, na yote mawili nayasema waziwazi.

Rudisha hizo ngozi. Kijiji chenu kimejaa skii. Slávka ataazima kwa jirani kabla supu yako haijapoa, na atapanda amekununia, haambiliki.

Halafu acheni kusema mlima ulimchukua. Mlima haukuja kumgongea mtu mlango. Wanaume wawili walisoma onyo, wakaisikia theluji ikivunjika chini ya miguu yao, mmoja akataka kurudi na mwingine akamcheka. Binti yako anadhani baba yake hakuwa na woga. Alikuwa nao, na alisema wazi kwamba warudi. Unamnyima mtoto neno la maana kuliko yote aliyoacha baba yake, eti usimwaibishe shemeji.

Najua Radovan atasema wamebeba vifaa. Vifaa hivyo, koleo na vyote, kazi yake ni kukutafuta ukishafukiwa. Theluji haivijali.

Kwa hiyo leo, usingoje kesho, mwite Radovan kwako. Kaeni watatu mezani, chupa isiwepo, aseme mwenyewe alichokwambia. Akishindwa, sema wewe mbele yake. Jumamosi washeni mshumaa makaburini, ndiko alikolala mumeo. Wanaotaka kutembea waishie msituni, mbali na mteremko wowote mkali, kwa kuwa theluji ikikatika juu humfikia hata aliye chini ambaye hakupanda kabisa. Kozia waende Julai, penye majani.

Radovan huenda asirudi tena kwako. Slávka atakukasirikia kwa kumficha, pengine atakaa mwaka mzima anakula bila kukusemesha. Vumilia, Otília. Hasira za mtoto aliye hai zinabebeka.