Gari la Kumfikisha Mama Yako Kibondo

Baba Neema,

Bado nakuita hivyo, na Neema ameshazoea kunisikia nikiongea na wewe jikoni. Leo nina habari ya gari, nami nakujua, ungetaka kuisikia yote.

Tangu tulipokuzika kwenu Kibondo, mama yako hajarudi kukuona. Nyonga imemkatalia. Bodaboda hawezi kupanda, na basi la kutoka hapa Kasulu linamrusharusha mpaka analia. Kila Jumapili ananiambia, "Nipeleke kwa mwanangu kabla sijamfuata." Naumia, Baba Neema. Basi nikajifunza kuendesha, mimi niliyekuwa nafumba macho ukikata kona! Leseni ninayo. Kilichobaki kilikuwa gari tunaloliweza.

Kibondo magari hayashikiki bei tangu kambi ya Nduta ifunguliwe tena kwa wakimbizi Warundi. Kila mwenye gari amepata kazi huko. Nikatafuta hapahapa Kasulu. Moja nililikuta limeegeshwa likitazama mteremko. Nikauliza kwa nini, muuzaji akasema ni kivuli tu. Nikaomba tuligeuze litazame mlimani ndipo tuliwashe. Ghafla akakumbuka ana kikao cha harusi; kumbe haliwaki mpaka liserereke. Ungecheka. Ulikuwa ukisema, "Mama Neema, wewe ungefaa upelelezi."

Halafu nikampata Ezekieli, karani mstaafu. Aliniapia kwamba gari lake dogo jeupe halijawahi kubeba abiria, ni la kwenda kanisani na sokoni tu. Fundi akaikagua injini, akaridhika. Lakini fundi anapima injini. Mimi nilitaka kupima nyonga ya mama yako. Nikamketisha nyuma na mto wake, Ezekieli akakaa mbele kando yangu. Alitaka tujaribie kwenye lami. Nikakataa, nikashika barabara ya Heru Juu jinsi ilivyochimbwa na mvua.

Katikati ya mlima nikasimamisha gari makusudi, nione kama litaondoka tena. Kabla sijaachia breki ya mkono, wakatokea kina mama watatu na mafurushi yao. "Mwakeye!" wakatusalimu. Wa kwanza hakuuliza kitu. Alishika kitasa cha mlango wa nyuma, akakinyanyua kidogo, akasukuma kwa goti, halafu akavuta. Mlango ukafunguka, ule ulionishinda mimi asubuhi nikampitisha mama yako upande wa pili! Wakajibana huku na huku kwa mama yako, maharage mapajani, na mmoja akamtania Ezekieli, "Leo umeajiri dereva?"

Jamani! Gari la kanisani kumbe ni mchomoko, zile teksi zinazopakia kijiji kizima kwa mkupuo. Ezekieli akageukia dirishani. Nilikasirika kweli, ila udadisi ukaishinda hasira. Nikawageukia abiria wake nikawauliza kila kitu. Limewahi kuwaacha njiani? Likijaa, linapanda? Na Kibondo je? Wakanijibu kwa kupokezana, bila kujua kwamba mimi ni mnunuzi. Kibondo lilishapeleka mgonjwa, lilishapeleka na bibi harusi. Siku ambayo malori yalikwama kwenye tope, lenyewe lilipita. Yaani Ezekieli alikuwa ananificha sifa ileile niliyoitafuta.

Nikaachia breki, gari likaondoka na mzigo wake wote bila kurudi nyuma hata kidogo. Nilitamani uwe pale.

Ndipo nikakumbuka nyonga ya mama yako. Nikaogopa, nikidhani anaumia. Nilipomtazama kwenye kioo, alikuwa amebanwa pande zote mbili na wale kina mama, mashimo yanatupita chini na yeye hatikisiki. Akasema, "Mwanangu, waache wakae hivihivi. Hapa siumii." Kumbe miezi yote hii nilikuwa namtafutia nafasi ya kujinyoosha!

Nimelinunua. Jumamosi tunakuja. Nitamweka mama yako katikati, Neema upande mmoja, dada yako upande wa pili, wambane vizuri mpaka Kibondo. Tukifika nitamshusha taratibu, nitakaa pembeni, na sitamharakisha. Aongee na wewe mpaka atosheke.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi nitaendesha polepole. Na mama yako akikushitakia kwamba nilikimbia, usimsikilize, alikuwa na haraka kuliko mimi.

Mama Neema