Udongo Ulioniletea kutoka Kalimoni

Maitu, mama yangu mpendwa,

Barua ya mtu aliyezikwa sijui hupelekwa wapi, kwa hivyo naiandika hadharani. Atakayesoma na asome. Ule mmea wako bado uko dirishani. Nasema wako ingawa niliununua mimi, maana ulipohamia kwangu Ruiru ili uwe karibu na kliniki, uliunyakua.

Mwanzoni uliucheka. Kimmea kidogo, majani mapana yenye mishipa myekundu, hakina tunda wala mboga. Ulikitazama ukaniuliza, "Hii inaliwa?" Nikasema hailiwi. "Inatibu?" Nikasema haitibu. "Sasa inakaa kwa nyumba ikifanya nini, na hailipi rent?" Lakini jioni hiyo uliuona ukikunja majani juu, yakakutana kama viganja vya mtu anayesali. Ukasema, "Kumbe ameokoka." Tangu hapo hukuuita mmea tena. Uliuita "huyo".

Mwanamke aliyelima maisha yake yote hawezi kukaa ghorofa ya nne akitazama televisheni. Nadhani hilo lilikuumiza kuliko ugonjwa. Basi huyo akawa shamba lako. Ulimfuta majani kwa kitambaa kibichi, moja moja, ukimpa habari za kanisa. Ulimsogeza mbali na jua kali. Maji ya chumvi ya borehole yalipomkausha ncha za majani, uliweka beseni kwenye balkoni likinge mvua, nami nikakatazwa kufulia maji yale.

Kisha ukaamua kwamba ana njaa. Ulienda Kalimoni kuangalia mahindi yako kwa mara ya mwisho, ukarudi na mfuko wa unga uliojaa udongo mweusi, ule unaonata kwenye gambuti mpaka mtu anashindwa kuinua mguu. "Hii mchanga yenu ya kununua ni kama majani chai," ukaniambia. "Haina nguvu. Wacha ale chakula ya shamba." Ukamwaga wote wa dukani, ukampanda upya, ukashindilia kwa vidole gumba kama unavyoshindilia mche wa sukuma wiki. Ulipumua kwa shida, na ulikuwa unacheka. Nilikuletea maji ya kunawa ukayakataa. Ulitaka kukaa na huo udongo mikononi kidogo.

Hiyo ndiyo sura yako niliyochagua kubaki nayo. Ya hospitali nimeikataa.

Ulipotuacha, mwenye lile shamba ulilokuwa ukikodi alijenga nyumba za kupangisha. Nimepita pale, na hata mahali mahindi yalipokuwa sipajui. Udongo wa Kalimoni uliobaki kwetu ni ule tu uliokuwa ndani ya chungu.

Na ulikuwa unamuua huyo. Mmea wa namna hii unataka udongo mwepesi, unaopitisha maji. Wako uliyashika, mizizi ikaanza kuoza, majani yakawa manjano na kuanguka. Nilipunguza maji, nikauhamisha dirisha, nikauombea hata kama utanicheka. Nilifanya kila kitu isipokuwa kugusa pale ulipogusa wewe. Niliogopa, Maitu.

Njeri alikuja Jumapili kutoka kwake Kamenu. Unamjua dada yangu, hana subira. Alitia kidole ndani ya chungu, akakinusa.

"Wangari, hii imeoza. Toa hiyo mchanga yote."

"Ni ya mum."

"Mum hayuko kwa hiyo mchanga," akasema. Kisha akakitazama kile kidole chake cheusi, na hakwenda kunawa.

Tuliifanya kazi hiyo pamoja, juu ya gazeti. Udongo ulitoka mzima, umeshika umbo la chungu. Tuliosha mizizi, tukakata iliyooza, tukaupanda mmea kwenye udongo wa kununua, huo wa majani chai. Udongo wako hatukuutupa. Njeri aliubeba akaumwaga kwenye mboga zake, na anasema sukuma zake zimenenepa mpaka majirani wanauliza.

Kwa desturi yetu, msichana wa pili hubeba jina la mama wa mama yake, ndiyo maana nawe uliniita maitu. Wageni walidhani tunataniana, kila mmoja akimwita mwenzake mama. Siku hizi nalisikia neno hilo likiitwa sokoni, nageuka, kisha naendelea na safari yangu.

Huyo amepona. Wiki hii jani jipya limefunguka, laini, mishipa yake ikiwa myekundu kweli, nami nikafungua mdomo nikuite uje uone. Ndipo nilipoangalia vizuri. Majani yote uliyoyajua wewe yameanguka. Hakuna hata moja lililobaki ambalo limewahi kukuona. Mmea uko hai, ni mzuri, na ni mgeni kwako kabisa.

Pumzika, mama. Mimi nitauambia ulikuwa nani.

Binti yako wa pili,
Wangari