Neno Lililofutika Kiganjani mwa Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu Alhamisi ile ulipotoka na chupa yako ya chai na usirudi. Mafundi wenzako walikuita Daftari, sisi tulikuita Baba, na mama alikuita jina lolote lililomjia mdomoni, kutegemea siku ilivyoamka. Tunaandika haya kwa niaba ya nyumba nzima, lakini zaidi kwa niaba ya mama. Ana jambo anataka ulisikie, na watu nao walisikie. Tutalifikia. Mwenyewe amesema tusianze nalo.

Basi tuanze na mikono yako. Miaka ishirini na sita ya kuhudumia transfoma haikukufundisha kununua daftari la mfukoni. Kila la kukumbuka uliliandika kwenye kiganja cha kushoto kwa kalamu ya bluu. Sabuni. Simu ya dada. Vali ya tatu. Tulipokucheka ulisema karatasi hupotea, lakini mkono hujaupoteza hata siku moja. Jioni mama alikusoma mlangoni kabla hujavua viatu, akajua umesahau nini.

Ulipenda kusikiliza vitu. Uliweka ncha ya bisibisi kwenye friji, mpini sikioni, kisha ukatutangazia kwamba lina kifua. Mama anasema alipokuwa na mimba ya kitinda mimba wetu ilibidi aifiche bisibisi.

Umeme ulipokatika, kabla hujatupigia sisi ulimpigia yule bibi wa nyumba ya kona anayelala na mashine ya kupumulia. Ulimwambia ukweli, kama ni dakika kumi au ni saa tatu, ili ajue kama aende hospitali au angoje. Alikuja msibani akakaa karibu na mlango, akalia kuliko baadhi ya ndugu.

Kazi yako ulitueleza mezani, tukila. Ulisema transfoma ni pipa kubwa la chuma lenye nyaya ndani, limejazwa mafuta. Likianza kuungua ndani kwa ndani halitoi moshi. Mafuta yanavunjika kidogo kidogo na kutoa haidrojeni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na pua ya mtu haiwezi kuijua. Ndiyo maana likafungwa kihisi ubavuni, kidude cha ukubwa wa kikombe, kinachoionja hewa hiyo kwenye mafuta na kupiga kengele katika chumba cha waangalizi mapema, watu wakiwa bado na muda wa kulizima.

"Kumbe ni kama wewe na maharage," mama alisema.

"Tofauti," ukamjibu. "Mimi sihitaji kihisi."

Kaka alipaliwa siku hiyo kwa kucheka. Mpaka leo maharage yakipikwa hapa nyumbani hakuna anayesema kitu.

Sasa jambo la mama.

Jumamosi, siku kumi na mbili kabla ya msiba, ulifunga kihisi kipya kwenye transfoma namba mbili. Kihisi kipya hupiga kelele za bure mpaka kitulie, siku moja hivi, kwa hiyo fundi huizima kengele yake, na kesho yake huiwasha. Ndivyo mlivyofanya miaka yote. Ukaandika kiganjani: kengele mbili. Ukarudi nyumbani. Dada mkubwa alikuwa amekuja na mjukuu wako wa kwanza, ana siku tisa tu duniani, nawe ukanyoosha mikono tangu mlangoni.

"Mikono hiyo?" mama akakuzuia. "Imejaa mafuta ya mitambo. Hebu njoo hapa."

Alikupeleka kwenye sinki akakusugua kwa dodoki na sabuni ya unga, kidole kwa kidole, nawe unalalamika kama mtoto. Alipofika kwenye kiganja akasoma.

"Kengele mbili ndiyo nini?"

"Ya kesho hiyo. Futa tu, mama watoto, iko kichwani."

Akafuta. Anasema alisugua mpaka pakawa peupe, kwa sababu alitaka umshike mtoto ukiwa safi. Ulimshika mchana kutwa. Dada alipomtaka anyonye ulimrudisha shingo upande.

Alfajiri ya Jumapili uliitwa mji wa jirani, ambako kebo zilikuwa zimeungua, na huko ukakaa siku kumi na moja. Kichwa kilichobeba lile neno kilibeba na kebo, na usingizi mchache, na mjukuu. Hatukulaumu. Waangalizi kituoni hawakusoma namba za kihisi, kwa maana kazi yao ni kungoja kengele, na kengele ilikuwa kimya.

Yaliyobaki alitueleza fundi mwenzako, Bwana Spana, akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, chai yake ikapoa bila kuguswa. Alhamisi asubuhi mlipita pamoja karibu na namba mbili. Ulitupa jicho kwenye kihisi, ukaona namba zimepanda, ukasimama. Halafu ukakigeuza kiganja chako cha kushoto, ukakitazama, na hakikuwa na kitu.

"Kengele," ulisema. Spana anasema hukupandisha sauti.

Kisha ukawaambia waangalizi kwa redio waizime namba mbili sasa hivi. Wakajibu wanaomba ruhusa kwa wakubwa. Ukamwambia Spana akawatoe wapaka rangi wanne waliokuwa kwenye uzio, naye akakimbia akiamini uko nyuma yake. Hukuwa nyuma yake. Ulikuwa umekwenda kwenye kabati la swichi, hatua sita kutoka kwenye transfoma, kuizima kwa mkono wako, nayo ikalipuka. Wapaka rangi wote wanne wako hai. Mmoja alikuja kutuona, akatupakia rangi geti.

Baadaye walifungua kumbukumbu za kile kihisi. Haidrojeni ilikuwa imepanda siku tisa mfululizo, kila siku kidogo zaidi ya jana. Kihisi kilifanya kazi yake yote.

Ripoti ya uchunguzi ina kurasa arobaini. Palipoandikwa chanzo pana maneno matatu: fundi alisahau kengele. Mama aliisoma, akavaa gauni lake la kutokea, akaenda ofisini peke yake. Alimwambia ofisa kwamba hukusahau, kwamba uliandika, na kwamba yeye ndiye aliyefuta. Akataka iandikwe hivyo. Ofisa alimsikiliza kwa adabu, tuseme haki. Akamwambia fomu haina sehemu ya kuandika jambo kama hilo.

"Na hata ingekuwepo, mama," akasema, "maji yakimwagika hayazoleki."

Tumemwambia si kosa lake. Mjomba amemwambia, majirani wamemwambia. Shangazi alianza kusema majuto ni mjukuu, akamwona mtoto pale mkekani, akalimeza neno lake. Mama anatusikiliza wote na kuitikia ndiyo, kisha anarudi palepale alipokuwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi mwaka mzima tumekuwa tukimshauri juu ya usufi. Ndiyo maana tunaliandika hapa, kwa kuwa ofisini halina nafasi: Baba hakupuuza kazi. Aliandika.

Mwezi uliopita Bwana Spana alipita kutusalimia. Wameleta transfoma mpya mahali pa ile yako.

"Ina kihisi?" mama akamuuliza.

"Inacho, shemeji."

"Na kengele yake?"

Spana akatazama viatu vyake. "Imezimwa kidogo. Bado kinatulia."

"Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya tatu."

Mama aliinuka, akachukua kalamu yako ya bluu juu ya kabati, akamshika Spana mkono wa kushoto na kumwandikia. Mtu mzima yule aligeuza uso kama anayechomwa sindano. Mama alipomaliza alimkunja vidole kimoja kimoja.

"Usinawe mpaka ufike," akamwambia.

Hatujui kama aliiwasha kengele. Tumempigia, simu inaita tu. Ukipita nje ya uzio utaisikia ile mpya inavuma, na kwa masikio yetu yasiyo na bisibisi haina tofauti na ile ya kwanza. Tumeandika barua mbili ofisini. Tumejibiwa kwamba zimepokelewa.

Unakumbukwa na mkeo, aliyekufuta kiganja, na ametaka atajwe hivyo. Binti zako wawili na mwanao. Dada yako, ambaye bado anangoja umpigie. Shemeji zako na majirani, pamoja na bibi wa nyumba ya kona, ambaye sasa umeme ukikatika hana wa kumwambia ukweli. Na mjukuu wako, anayetembea kwa kushika ukuta. Mama humwogesha kila jioni, kichwa, mgongo, miguu. Mikono anatuachia sisi.

Hatutakusahau kamwe, Baba.