Mhadhara Wangu Mdomoni mwa Hafidha

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Limetoka! Tangazo limetoka. Miaka minne nafundisha chuoni kwa mkataba wa muda, muhula kwa muhula, na leo saa nne asubuhi limebandikwa ubaoni karibu na ofisi ya msajili. Nafasi mbili idarani kwetu. Mhadhiri msaidizi, taaluma ya burudani na mapumziko – mmoja. Mhadhiri msaidizi, kinesiolojia, sayansi ya mwendo wa mwili – mmoja. Za kudumu!

Nimelisoma mara tatu. Baridi kali, ukungu mpaka getini, mimi nasikia joto tu.

Hafidha alikuwa darasani. Nimemsubiri mlangoni. Tumekumbatiana mbele ya wanafunzi wake, wakatucheka.

Jumatano, 6 Agosti

Tumekaa chumbani kwetu hapa Sekei tukayaweka wazi, tusije tukagongana. Yeye aombe burudani, mimi kinesiolojia. Yeye ndiye aliyetamka kwanza. Kasema tumeishi chumba kimoja tangu tukiwa wanafunzi, haiwezekani leo tunyang'anyane kiti. Nikasema amina. Akasema hapana, sema wallahi. Nikasema wallahi! Alicheka mpaka machozi.

Hafidha ni mtu wangu. Baba alipofariki alikaa nyumbani kwetu Akheri wiki nzima akiosha vyombo vya wageni, Mwislamu peke yake katikati ya kwaya ya Kilutheri, na hakuna aliyemwona mgeni. Tangu siku zile Mama humwita mwanangu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemaliza kuandaa mhadhara wa usaili. Wanatoa dakika ishirini za kufundisha, mada unachagua mwenyewe. Yangu ilishajichagua: wanawake wa Meru wanaoshuka na ndizi kichwani mpaka soko la Tengeru. Wanawake kumi na mmoja. Shingo, nyonga, magoti, urefu wa hatua kwenye mteremko. Niliufanya utafiti ule mwaka juzi bila kutumwa na mtu. Nimekua nikimwona Mama anashuka na mkungu juu ya ngata, haushiki, anaongea, hata kugeuka nyuma anageuka – nikataka kujua mwili wake unafanyaje. Yeye ndiye mshiriki wa kwanza. Hafidha alinishikia kamera, tena ya kwake mwenyewe.

Nimemwonyesha slaidi zote. Kasema video ya Mama isikae mwisho, ianze. Ushauri mzuri sana. Nimeihamisha. Kaomba faili aangalie mpangilio, apange yake. Nimemtumia.

Ijumaa, 22 Agosti

Nafasi ya burudani imefutwa. Kibali cha ajira hakikutoka. Wamebandika karatasi nyingine juu ya ile ya kwanza, mistari miwili, basi.

Hafidha hajala. Amekaa kitandani ameshika mtandio wake, anatazama ukuta. Nimempikia uji, hakuugusa. Nikamwambia watatangaza tena mwakani.

"Wewe unaweza kusema hivyo," akajibu.

Nikaufunika uji.

Jumanne, 2 Septemba

Majina ya usaili yametumwa kwenye kundi la WhatsApp la idara. Kinesiolojia, watu watano. Namba nne mimi. Namba mbili – Hafidha.

Niliangalia tena kama ni Hafidha mwingine. Jina la baba ni lilelile.

Nimemuuliza jioni, akiwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa. Kasema ofisi imewahamisha walioomba burudani wote, hata hawakuulizwa. "Nitaenda kukaa tu, nisionekane nimewadharau. Kiti ni chako, Eli."

Nimemwamini. Tena nimeona aibu kwa kuuliza.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Tulikaa kwenye korido watu watano, viti vya plastiki. Chumba cha usaili kimetengwa kwa ubao tu, kila kitu kinasikika. Hafidha akaitwa. Alinibana bega akipita.

Mlango ukafungwa. Halafu nikasikia sauti ya Mama.

Mama! Anamwambia jirani yake kwa Kimeru atangulie, asimsubiri. Ni mwanzo wa ile video. Watu ndani wakacheka kwa kupendezwa. Kisha Hafidha: "Mwangalieni. Haushiki mzigo. Shingo haifanyi kazi peke yake, mgongo mzima unaisaidia." Sentensi yangu! Hata pale ninaponyamaza kidogo ili watu watazame, akanyamaza. Aliutoa wote mpaka mwisho. Kijana mmoja aliyetoka Dodoma, Nelson, akaniuliza dada unaumwa?

Ningebadilisha mada. Najua. Lakini sikuwa na nyingine. Nikaingia nikafungua slaidi ya kwanza. Dk. Lengai, mkuu wetu wa idara, akamtazama mwenzake. Video ilipoanza, mama mmoja pale mwisho wa meza akaweka kalamu chini.

"Binti, hii tumeshaiona asubuhi."

"Ni kazi yangu."

"Mwenzako naye amesema ni yake."

Hawakukasirika. Afadhali wangekasirika. Walinionea huruma, kama mwanafunzi aliyekutwa na karatasi kwenye soksi. Nikamaliza kwa dakika tisa.

Ijumaa, 12 Septemba

Jana Hafidha alilala kwao Kaloleni. Leo asubuhi kaja kuchukua nguo. Nilikuwa nimejipanga nisipige kelele. Nikapiga.

Alingoja nimalize. Kasema kamera aliishika yeye siku kumi na moja, tope mpaka magotini, na jina lake sikuliandika popote. Kweli, sikuliandika. Nilimshukuru kwa mdomo. Nilidhani inatosha.

"Ungeniambia," nikasema. "Ningeliandika."

"Eli, wewe una mama, una shamba, una kwenu. Mimi nikitoka hapa narudi kukaa dukani kwa mjomba Nasri."

"Kwa hiyo ndiyo umchukue na Mama?"

Akafunga begi. Ufunguo wa chumba kauacha juu ya meza.

Boksi la utafiti bado lipo chini ya kitanda. Nimelivuta. Tepu ya kupimia ipo. Daftari la vipimo halipo. Fomu za ridhaa, zile nilizowasainisha wanawake wote mwaka juzi – hamna hata moja.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimepanda Akheri. Nilitaka kulia kidogo kwa Mama, kisha nimwombe tuzunguke kwa wenzake nisainishe upya.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Nikaanza kumweleza kuhusu fomu. Akasema, "Si tulishamaliza hizo?"

Kisu kikaendelea kumenya.

Hafidha alikuja. Jumamosi mbili zilizopita, siku ya soko. Alikuja na kitenge na sukari, akamsalimia vizuri, akambebea mkungu kichwani mwenyewe mpaka barabarani, wanawake wakamcheka anavyoyumba. Kasema Eli kamtuma, yuko bize na usaili, karatasi za zamani zimelowa, zinahitajika mpya. Mama hakusita. Atasitaje? Akamzungusha nyumba kwa nyumba kwa wote kumi. Wawili hawakuwepo, wakakaa kuwasubiri. Mama Lesian hajui kuandika, akaweka dole gumba.

Nilimuuliza Mama, juu ya fomu palikuwa na jina la nani. Kasema hakuwa na miwani.

Kwa hiyo tarehe 30 Agosti Hafidha alikuwa jikoni hapa. Na tarehe 2 akaniambia kiti ni chako, Eli.

Nikamweleza Mama yote. Akaosha mikono, akaifuta, akakaa.

"Unataka nikaseme kwamba yule mtoto ni mwizi?"

"Nataka useme ukweli, Mama."

"Ukweli ni kwamba mlikuja wawili. Mmoja na tepu, mmoja na kamera."

"Mama!"

"Nasema nilichokiona. Mimi nilijua ni kazi yenu."

Nimeondoka bila kula. Kanifuata na ndizi mpaka njiani, sikuzipokea. Sijawahi kumfanyia Mama hivyo.

Jumatano, 17 Septemba

Nimepeleka barua ya malalamiko. Dk. Lengai kaisoma mbele yangu, taratibu. Si mtu mbaya. Kafungua faili akanionyesha fomu kumi na moja, safi, jina la mtafiti limechapwa juu: Hafidha. Sahihi ya Mama ya kwanza kabisa, ile herufi yake ya mwisho inayopanda juu.

"Wewe una nini, Elifuraha?"

Nina slaidi. Kasema hata Hafidha anazo. Nina video. Imepigwa kwa kamera ya Hafidha. Nina kichwa changu! Hilo sikulisema.

Kaeleza kwamba jina limeshapendekezwa kwa ngazi ya juu – hakulitaja, hakuhitaji – lakini atasimamisha hadi wamsikilize mshiriki wa kwanza. Jumatatu, saa tatu. Mimi na Hafidha tuwepo nje.

Nimempigia Mama. Kasema, "Nitakuja." Nikauliza atasema nini. Kasema atakuja.

Jumatatu, 22 Septemba

Naandika hapa kwenye benchi, korido ileile, nisije nikamtazama.

Mama alishuka mapema peke yake. Kavaa gauni la Pasaka na miwani. Nilitaka kumshika mkono, lakini Hafidha alikuwa ameshasimama. "Shikamoo, Mama." Nikafikiri hataitikia. Nilimwomba Mungu asiitikie.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Hafidha akaanza kulia. Mimi sijalia tangu Alhamisi ile. Mama akasimama katikati yetu, akatutazama kama alivyokuwa akitutazama tukirudi na matope, halafu Esther, katibu muhtasi, akamwita ndani.

Dakika kumi sasa. Leo hawasikiki, wanaongea chini chini. Hafidha kanong'ona kwamba amelileta daftari, lipo kwenye begi lake, atanipa tukitoka. Tukitoka! Nimemuuliza kwa nini asiwape sasa hivi, hapo mlangoni. Begi liko magotini mwake, kalikumbatia kwa mikono miwili.

Ningeweza kulivuta. Lipo karibu kuliko kikombe changu cha chai.

Mlango umefunguliwa. Ni Esther, uso umechanganyikiwa. Anasema mama amekataa kuzungumza. Eti hawezi kumsema mtoto wake akiwa nje, watoto wake waingie wote. Esther anatutazama mmoja mmoja. Anauliza, "Mtoto wake ni nani hapa?"

Hafidha ameshasimama.