Siku Niliyotulia ili Moyo Usifiwe

Jumanne

Kumbe nilijisumbua bure. Siku ile nzima niliyovaa kifaa cha kupima moyo, nyaya zimebandikwa kifuani, nilikaa tu kama mgeni. Sikukamua ng'ombe. Hata mkwe wangu Bhoke sikumfokea. Nilitaka majibu yatoke mazuri.

Leo daktari amenionyesha karatasi. Mistari inaruka ovyo kama ndama waliofunguliwa asubuhi.

"Bibi, tulitaka uishi kama kawaida yako," akasema. "Lakini hata ulipokaa, moyo ulikimbia bila mpangilio. Damu inaweza kuganda humo, ikapanda kichwani, ukapooza." Akasema nimeze dawa kila siku.

Nilidhani ni hasira zangu. Hasira ningeziacha. Huu ugonjwa nitauacha vipi? Mama yangu alipooza akipakua ugali, mwiko mkononi.

Njiani kurudi nyumbani, Bhoke aliyenisindikiza akaanza kulia. Nikamwambia, "Wee, futa kamasi! Nani kakwambia nimekufa?"

Akacheka. "Afadhali umefoka, mama. Ile siku ya kifaa ulinitisha."

Sijamwambia kwamba naogopa. Kesho nitameza kidonge, kisha nitakamua mwenyewe. Na Bhoke akichelewa kuleta maji, atanisikia.