Chupa Sita Ziko Chini ya Meza

Maua mwanangu,

Mkitoka madrasa msinisubiri. Nimekwenda kufua kwa Mama Twalibu, nitarudi alasiri. Maharage yako kwenye sufuria ya kijani, mgawie Sadiki kwanza, yeye ni mdogo wako. Mkaa ni huo huo uliobaki, usiumalize.

~~Leo msiende kuuza sabuni. Pumzikeni.~~

Nimeufuta huo mstari. Unga umeisha, na sabuni ya maji niliyokoroga jana haitajiuza yenyewe. Chupa sita ziko chini ya meza. Zungukeni hapa hapa Isevya, Mtendeni msifike. Mtu akiwaambia mwingie ndani, kataeni.

Halafu ya asubuhi. Ulitoka uani kunawa uso, ukarudi ukasimama nje ya mlango wetu ukapiga hodi. Nikadhani mgeni, nikaitikia karibu. Ukaingia umeinamisha kichwa: "Shikamoo mama, tunauza sabuni ya maji." Sadiki alicheka mpaka machozi. Mimi nikakufokea kwamba unanitania.

Hukuwa unatania. Nilikuona ulivyoshtuka. Usingizi ulikuwa haujakutoka, na mdomo umeshazoea milango ya watu. Nilitakiwa nikwambie neno, nikachukua ndoo nikatoka kuteka maji.

Leo ufunguo sijampa jirani. Mlango nimeurudishia tu, na karatasi hii nimeichomeka hapo hapo mlangoni. Ukifika usisimame nje, mwanangu. Ingia.

Mama yako