Jiwe Lililoachia Sumaku

Jumatatu, 3 Juni
Nimechambua mawe tangu asubuhi. Jeupe kulia, jeusi kwenye rundo la taka. Ndivyo tunavyofanya hapa Mwakitolyo: jiwe jeupe ndilo lenye dhahabu, jeusi halina maana. Leo jeupe hamna. Ndoo kumi na moja zimepanda na winchi, zote jeusi lenye mistari. Wachimbaji wametoka wamenuna. Ngasa, mwenye duara hili tunalochimba, amechungulia shimo lake akatema mate. Amesema mwamba umekufa.

Mgongo unauma.

Jumanne, 4 Juni
Ngasa ametangaza. Jumamosi wanang'oa matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za duara, wakayafunge kwenye shimo lake jingine ng'ambo ya kilima. Magogo yakitoka, kuta zinaporomoka. Duara limekwisha, na sisi wanawake sita tunaochambua tumekwisha nalo. Kule ng'ambo wana wachambuaji wao.

Nina hasira. Si kwa ajili ya kazi tu, kwa ajili ya ujinga. Miaka minne nilikuwa Geita kwenye banda la kampuni ya utafiti, napanga kwenye masanduku mawe yaliyochorongwa, nayalowesha, nayapima kwa sumaku. Kule jeusi lenye mistari ndilo lililofungiwa kwa kufuli. Wataalamu walizungumza mbele yangu kama mimi ni kiti. Kiti kilikuwa kinasikia.

Jiwe lile lina chuma kinachovuta sumaku. Zamani sana maji ya moto yalipita kwenye nyufa zake, yakaleta salfa na dhahabu. Salfa ikala chuma. Kwa hiyo pale sumaku inapoachia ndipo pa kutafuta. Hakuna uchawi hapo.

Jumatano, 5 Juni
Nimeipasua redio ya marehemu mume wangu, Baba Kulwa. Ilikuwa haisemi tangu mwaka jana, lakini imeniuma. Sumaku ya spika nimeitoa kwa bisibisi na matusi.

Nimekwenda nayo kwenye rundo la taka. Jiwe la kwanza, ikang'ang'ania. La pili hivyo hivyo. La ishirini hivyo hivyo. Mama Shija, mchambuaji mwenzangu, ameniuliza kama natafuta misumari. Wote wamecheka. Saa sita, kwenye mawe ya ndoo za mwisho, sumaku imeteleza ikaniangukia kidoleni. Nimelivunja jiwe lile. Ndani vipande vidogo vya pembe nne, njano inayong'aa. Hiyo si dhahabu. Inaitwa dhahabu ya wajinga. Lakini mara nyingine dhahabu yenyewe imejificha humo, na anayeitupa bila kuipima ni mjinga zaidi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeponda, nimeosha. Karai tupu. Nimelia kidogo.

Halafu nikakumbuka. Ikiwa salfa imeifungia dhahabu ndani, lazima jiwe lichomwe kwanza. Nimechoma mengine kwenye jiko la mkaa, nje, moshi ukielekea porini. Harufu ya viberiti. Mama Shija amekuja kuuliza napika nini. Nimemwambia mboga ya wanaume wanaojua kila kitu. Nimeponda tena, nimeosha tena. Pembeni mwa karai umebaki mstari wa njano, mwembamba kama uzi. Nimetikisa maji mara tatu. Umebaki.

Ijumaa, 7 Juni
Nimempelekea Ngasa karai. Amesema, mbele ya watu, kwamba nimetia dhahabu ya mahali pengine. Mimi mwizi wa kinyumenyume.

Nimemwambia ashuke na sumaku ajionee. Hataki. Nikasema basi nashuka mimi. Hapo wote wakaja juu. Mwanamke hashuki duarani, dhahabu inakimbia. Hata kukaa kwenye mdomo wa shimo ni mwiko. Akikaa, hakuna mwanamume anayeshuka mpaka mbuzi achinjwe. Wamenisomea sheria hiyo mara mbili, kama vile siijui.

Wamefanya vizuri kunikumbusha.

Jumamosi, 8 Juni
Nimefika kabla yao. Nimetandika khanga kwenye mdomo wa duara nikakaa, miguu ikining'inia ndani.

Wamekuja wanane, na kamba na mashoka. Wamesimama. Hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyethubutu kunigusa. Ngasa amenitukana, akachoka, akaanza kubembeleza. Miaka mitatu ananiita wewe mama. Leo nimepanda cheo, nimekuwa mayu, mama wa heshima kwa Kisukuma.

"Mayu, toka hapo. Unatuharibia."

"Mwamba si umekufa? Naharibu nini?"

Mama Shija ndiye aliyecheka kwanza. Kisha amekuja akakaa kando yangu. Saa tano tulikuwa sita, tumelizunguka shimo lote. Niliogopa. Jua halikutuonea huruma.

Saa nane Ngasa amekubali. Mbuzi atachinjwa. Mtu atashuka na sumaku yangu, avunje pale inapoachia, tupime mbele ya wote. Ikikosa, magogo yanatoka, nami naondoka Mwakitolyo. Nimesema sawa. Sina pengine pa kwenda, ila hilo sikulisema.

Jumatatu, 10 Juni
Mbuzi alichinjwa jana. Nyama ya kulisafisha shimo kutokana na mimi, nimekula vipande vitatu. Tamu.

Leo ameshuka Ngasa mwenyewe. Amekaa chini muda mrefu mpaka mpiga winchi akaanza kumwita. Amepandisha ndoo moja. Amechoma yeye, ameponda yeye, ameosha yeye. Mimi nilimwelekeza tu, mikono nyuma, nisije nikaambiwa nimetia kitu. Maji yamepungua. Uzi. Mnene kuliko wangu.

Ngasa ameinamia karai kama anasoma barua. Kisha amewaambia warudishe mashoka nyumbani, matimba yanabaki. Hakuniomba radhi. Sikuingoja.

Alhamisi, 13 Juni
Kazi kama kawaida. Linalovuta kushoto, linaloachia kulia. Wachambuaji sita, sumaku sita. Redio zimepungua hapa kijijini, kumekuwa kimya.

Saa nne Ngasa amepita. Ameweka jiwe karibu na goti langu, akasubiri. Nimeligusa kwa sumaku. Limeng'ang'ania. Nimemwambia atupe.

Ametupa.